Viazi vikianza kuchimbwa, darasa la sita linapungua: mwalimu afanye nini?

Swali: Ninafundisha darasa la sita huku Umalila, Mbeya Vijijini. Nina wanafunzi 62. Kuanzia Februari hadi Aprili viazi vinapochimbwa wanabaki kama 40, na siku ya gulio hawafiki hata 30. Tunaripoti kwa mtendaji wa kijiji, wazazi wanatozwa faini, watoto wanarudi wiki moja kisha wanatoweka tena. Wazazi wanatuambia, "Na sisi tulilelewa hivi hivi, kwani mtoto asifanye kazi?" Mpaka uko wapi kati ya kazi za nyumbani na utumikishwaji? Hatua gani zinasaidia kweli? Na kama anayewachukua ni kiongozi wa kijiji, tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, nianze na faini, kwa sababu hapo ndipo nguvu zenu zinapovuja. Mama aliyetozwa faini mwezi Machi hana fungu lingine la kulipia ila hilo hilo la viazi. Anamrudisha mtoto darasani wiki moja ili mtendaji amwone, halafu mtoto anarudi shambani kuitafuta pesa ya faini. Aliyempa kazi hajaguswa. Pengine wiki hiyo amemchukua mtoto wa jirani. Faini ina mahali pake, nitafika huko, lakini ikitangulia peke yake huongeza siku za utoro.

Utoro wa namna hii una kalenda na una bei. Mwezi unaoanza mnaujua, siku ya gulio mnaijua, na mkiuliza kwa upole mtajua mtoto analipwa shilingi ngapi kwa debe. Jambo lenye tarehe linaandaliwa kabla. Kazi ya Februari hufanyika Agosti na Septemba.

Sasa mpaka. Wazazi wana hoja, ila ni nusu. Hakuna sheria ya Tanzania inayomkataza mtoto kuchota maji, kufagia, kulisha kuku au kupalilia na mama yake jioni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi tu: ile isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomzuia kuhudhuria shule au kufaidika na masomo. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, imekatazwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hayo hayo kuhusu miaka 14, na inawazuia wote wa chini ya miaka 18 wasipelekwe migodini, viwandani na kwenye kazi nyingine za hatari, kilimo kikiwemo.

Hapa kuna jambo linalopitwa na wengi kwenye vikao. Watoto wako wa darasa la sita wana miaka 11 hadi 13. Hawajafika 14. Kwa hiyo mtu anaposimama kwenye mkutano na kusema "hii ni kazi nyepesi tu", mjibu kwamba wepesi wa kazi hauhusiki hapo, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 haajiriwi kabisa. Kumsaidia mama yake kwenye shamba la nyumbani ni jambo jingine, na hapo unauliza matatu: anafanya saa ngapi, anabeba nini, na kipindi gani cha darasani kimekwenda.

Chukua mfano wa kuokota viazi, maana kazi ni ile ile lakini hali ni mbili. Jumamosi, shamba la nyumbani, mama anachimba kwa jembe na mtoto anaokota kwa ndoo ndogo saa tatu, kisha anakwenda kucheza: hayo ni malezi. Jumatatu saa 12 asubuhi, shamba la mtu mwingine, malipo kwa debe, mtoto anaokota hadi saa 9 na kubeba hadi barabarani panapopakiwa lori: huo ni utumikishwaji, hata kama mama yake yuko mstari wa pili na ndiye anayepokea pesa.

Na mzigo wenyewe uupime, usiukisie. Ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, na mtoto wa miaka 12 mara nyingi ana kilo 30 na kidogo. Amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake, kwenye mteremko wenye utelezi, mara kumi au ishirini kwa siku. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, hatalibeba peke yake, lakini vijana wawili wa darasa la saba hulikokota, na hapo migongo huumia. Kisha kuna dawa. Wakati wa mvua viazi hupigwa dawa ya ukungu kila baada ya siku 7 hadi 10, na mchanganyaji anahitaji maji ya kujaza bomba la mgongoni tena na tena. Anayetumwa kuyachota ni mtoto. Watu husema "yeye hapigi dawa, analeta maji tu". Lakini yuko pale unga unapomiminwa na upepo unapovuma, anaosha bomba, na mara nyingine ndiye anayeachiwa kopo tupu aende nalo nyumbani. Hiyo ni kazi ya hatari, na iandikwe hivyo kwenye taarifa yenu.

Hili si jambo la Umalila peke yake. Utafiti wa taifa wa ajira kwa watoto wa mwaka 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 Tanzania Bara wako kwenye utumikishwaji, sawa na asilimia 28.8, na walio wengi mno wako kwenye kilimo. Kinachobadilika ni zao. Usangu mtoto anakosekana mpunga unapokomaa, kwa kuwa yeye ndiye anayeamia ndege tangu alfajiri. Chunya ni tumbaku na machimbo ya dhahabu. Ilula ni nyanya. Mufindi na Rungwe ni chai. Mashamba makubwa yenye vyeti vya soko la nje hukaguliwa, hivyo ugumu uko zaidi kwa wakulima wadogo wanaochuma alfajiri na familia nzima. Njombe na Iringa ni vinyungu, bustani za mabondeni za kiangazi. Kila mahali shule inaweza kuandika kalenda yake kwa nusu ukurasa.

Sasa chukua rejesta

Rejesta mnayo, ila mnaijumlisha badala ya kuisoma. Asilimia ya mwezi inaficha mengi. Mwaka wa masomo una siku kama 194. Mtoto anayekosa siku ya gulio tu, kila wiki, amekosa siku 39, na mahudhurio yake ni asilimia 80. Kwenye taarifa anaonekana mzuri. Lakini siku aliyokosa ni ile ile: kama gulio ni Jumatano, na somo fulani lina vipindi viwili kwa wiki, kimoja Jumatano, mtoto huyo amesoma nusu ya somo hilo mwaka mzima. Halafu mnashangaa mbona ameanguka somo moja wakati mengine anajiweza.

Fanya hivi, ni kazi ya alasiri moja. Chukua rejesta za Februari, Machi na Aprili za miaka miwili iliyopita. Kwenye karatasi yenye miraba andika majina kushuka chini, na juu siku tano za wiki. Kwa kila mtoto weka kijiti kimoja kwa kila siku aliyokosa, chini ya jina la siku. Ukimaliza utaona makundi yanajitenga yenyewe. Kuna wenye vijiti vingi safu moja. Hao ni wa gulio, wanauza, wanapakua mizigo au wanalinda nyumba mama akiwa sokoni. Kuna wenye vijiti safu zote kwa wiki tatu hadi sita mfululizo. Hao ni wa msimu, ndio wa viazi. Na kuna wenye vijiti hadi ukurasa unakwisha. Hao hawako kijijini tena, na dawa yao ni tofauti kabisa.

Utaona na kundi la nne, dogo, karibu wote wasichana, wanaokosa siku mbili leo, tatu wiki ijayo, bila mpangilio. Ukifuatilia utakuta wako nyumbani na mtoto mchanga mgongoni, kwa sababu mama ndiye aliyekwenda kibaruani. Huyu hatajwi kwenye taarifa za ajira ya watoto kwa kuwa hayuko shambani, lakini viazi vile vile ndivyo vilivyomtoa darasani. Kwake mkutano na wenye mashamba hautasaidia. Kinachosaidia ni akina mama watano au sita wanaokwenda shamba moja kukubaliana na bibi mmoja awalelee watoto kwa zamu, kila mmoja akitoa kidogo katika malipo yake ya siku. Pale ambapo mtaa umelifanya hilo, wasichana hurudi bila faini ya mtu.

Makosa ya rejesta ninayoyajua ni matatu. La kwanza, kuita majina asubuhi peke yake. Watoto huitika saa 2, na baada ya mapumziko ya saa 4 hawapo. Ita tena baada ya mapumziko, hata kwa kuhesabu vichwa. La pili, kuandika "mtoro" bila sababu. Weka herufi pembeni: V kwa viazi, G kwa gulio, L kwa kulea, U kwa ugonjwa, M kwa msiba. Sababu ulizia pembeni, usimuulize mtoto mbele ya wenzake, la sivyo kila mtu atakuwa alikuwa na homa. La tatu ni la huruma, na ni baya kuliko yote: kumjazia mahudhurio mtoto wa kaya ya TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, ili mama asikatwe. Sharti la mpango ni mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa mwezi wenye siku 20 ni siku 16, yaani akikosa ya tano sharti limevunjika. Badala ya kumjazia, mpelekee mama taarifa akikosa ya tatu, umwambie waziwazi kwamba imebaki moja tu. Mama wengi hawaijui hesabu hiyo. Wanakuta tu fedha zimepungua siku ya malipo.

Pesa ile inanunua nini

Kabla hamjaenda kwa mtendaji, mjue pesa ya viazi inakwenda wapi. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, lakini sare, madaftari, viatu na chakula cha mchana bado ni vya mzazi. Watoto wengi wa darasa la sita wakiulizwa watakwambia walikuwa wanatafuta daftari na viatu. Huyo anafanya kazi ili asome, na anakosa shule ili apate vya kwendea shule. Madaftari yaliyonunuliwa kwa pamoja kwa bei ya jumla, au fundi cherehani wa kijijini akishona sare kwa malipo ya awamu, vinamwondoa mtoto huyo kwenye orodha haraka kuliko kikao chochote. Na kumbukeni maelekezo ya elimu bila malipo: mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Shule inayomrudisha mtoto akalete mchango Februari imempeleka shambani kwa mkono wake.

Kubwa kuliko hayo ni chakula. Februari na Machi ndiyo miezi ambayo mahindi ya mwaka jana yamekwisha na mapya hayajakomaa. Ndiyo miezi ya viazi. Mwenye shamba anawapikia vibarua. Shule inampa mtoto njaa hadi saa 9. Kwa tumbo la miaka 12 uamuzi si mgumu.

Piga hesabu na kamati ya shule. Gramu 100 za mahindi na 30 za maharage kwa mtoto kwa siku, mara siku 194, ni kilo 19 na nusu za mahindi na karibu kilo 6 za maharage kwa mwaka. Ni debe moja na kidogo. Kaya nyingi haziwezi kulitoa debe hilo Januari, lakini Julai na Agosti mahindi yakiwa uani zinaweza. Shule nyingi zinakosea mwezi tu: zinaomba chakula shule zinapofunguliwa mwaka mpya, wakati ambao mzazi mwenyewe ananunua unga kwa kilo. Kusanyeni baada ya mavuno, mahindi yawe makavu kabisa, yahifadhiwe kwenye mifuko ya kuzuia wadudu juu ya vichanja, si chini sakafuni, na ufunguo wa stoo uwe kwa watu wawili. Mahindi yaliyoingia yakiwa mabichi yataota ukungu kabla ya Desemba, na mwaka unaofuata hakuna mzazi atakayetoa. Kaya isiyoweza isitajwe jina. Kamati iikadirie kwa siri au ikubali kuni na siku za kupika.

Kuzungumza na wenye mashamba

Hapa ndipo pa kutumia nguvu. Viazi havina haraka kama nyanya. Mkulima anayefuata utaratibu hukata majani kwanza, kisha anasubiri siku 10 hadi 14 ngozi ya kiazi ikomae ndipo achimbe, ili visichubuke njiani kwenda Dar es Salaam. Maana yake tarehe ya kuchimba inajulikana karibu wiki mbili kabla, na inaweza kusogezwa siku mbili tatu bila hasara. Wanaochimba bila kukata majani kwa kukimbilia bei wapo, lakini hata hao lori halifiki bila kupigiwa simu. Kwa hiyo "ilikuwa lazima iwe Jumanne" si kweli mara nyingi. Dalali ndiye anayepanga siku ya lori. Mualikeni dalali kwenye kikao. Ukimkosa yeye umezungumza na watu wasio na ratiba.

Mnachotaka kukubaliana ni vitu vichache. Kuchimba mashamba makubwa kuwekwe Jumamosi, vijiji jirani vigawane Jumamosi hizo ili malori yatoshe. Hakuna mtoto wa chini ya miaka 14 shambani kwa malipo siku yoyote, na hakuna mwanafunzi yeyote siku ya masomo. Na kipengele ambacho wengi hukisahau: debe ni debe. Mtu mzima na kijana wa miaka 15 walipwe sawa kwa debe moja. Wenye mashamba huwachukua watoto kwa sababu ya bei, kwa kuwa mtoto habishanii malipo. Bei ikilingana, mwenye shamba mwenyewe ataanza kumtafuta mtu mzima mwenye nguvu.

Makubaliano ya mdomo hayavuki msimu. Yaingizwe kwenye sheria ndogo za kijiji: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, kisha zinapelekwa halmashauri ya wilaya zipitishwe. Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, na wilayani karatasi hukaa mezani, ndiyo maana nilisema Agosti. Faini iandikwe kwa anayeajiri kwanza, kwa kila mtoto, na mzazi aingie akirudia baada ya kuonywa kwa maandishi. Iandikwe pia nani atashuhudia. Sheria ndogo nyingi zimekufa kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kupita mashambani saa 3 asubuhi. Mwekeni mjumbe wa kamati ya shule na balozi wa eneo, wapite wawili wawili.

Kabla hamjasimama kwenye mkutano huo, safisheni kwenu. Kama wanafunzi wanachota maji ya walimu, au darasa zima hupelekwa kuvuna shamba la mwalimu mmoja wakati wa kipindi, mzazi atalisema hadharani na kikao kimekwisha. Shamba la shule la kujifunzia ni sawa, likiwa kwenye ratiba na mavuno yakiingia kwenye chungu cha watoto.

Mtoto akikosekana

Siku ya kwanza na ya pili, muulize anayekaa naye jirani. Siku ya tatu mtu aende nyumbani, asitumwe mtoto na barua. Barua zinazobebwa na watoto hupotelea njiani, na akifika nayo anapigwa yeye. Anayekwenda awe mwalimu wa darasa au mjumbe wa kamati anayefahamika mtaani, aende jioni watu wakiwa wamerudi, na aulize kabla ya kuonya. Wiki ya pili ikianza bila mtoto, taarifa ya maandishi kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa afisa elimu kata. Msisubiri zile siku 90 mfululizo ambazo baada yake mtoto huhesabiwa ameacha shule. Ukifika huko umebaki na takwimu, mtoto huna.

Katika ziara hizo mtakuta nyumba za bibi na wajukuu. Nyanda zetu za Juu Kusini zimepigwa na Ukimwi kuliko sehemu nyingine: utafiti wa 2022 hadi 2023 uliweka maambukizi kwa watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mtoto wa miaka 12 anayelea bibi na wadogo zake hafai kutajwa kwenye orodha ya watoro. Huyo apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, iangaliwe kama kaya iko TASAF, na shule ichukue sare na daftari lake moja kwa moja.

Kisha kuna kurudi kwake darasani, na hapa naomba uniazime sikio zaidi, maana watoto wengi hawaachi shule wakiwa shambani. Wanaacha wiki ya pili baada ya kurudi. Tazama mtoto aliyekosa wiki nne ambazo mlifundisha sehemu. Unaandika ubaoni tatu ya nne kujumlisha mbili ya tano. Yeye anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapata tano ya tisa. Hajui kigawe kidogo cha shirika, hakuwepo. Jibu ni ishirini na tatu ya ishirini, lakini kumwekea mkasi hakumwambii kwa nini. Wiki inayofuata mnaingia desimali, kisha asilimia, zote zikisimama juu ya kile alichokosa. Anapata mkasi kila siku, anachekwa, na shambani anajua kuokota kuliko wote. Atakwenda anakoweza.

Kwa hiyo mpangie dakika 20 kila siku kwa wiki tatu, kabla ya kipindi cha kwanza au wakati wenzake wanafanya zoezi. Usimrudishie kila kitu. Chagua yale ambayo mengine yanayategemea. Hisabati ni sehemu na vigawe. Kiswahili na Kiingereza ni kusoma kwa sauti aya moja na kujibu maswali matatu. Masomo mengine mpe daftari la mwenzake anakili maelezo. Mkalishe na mwanafunzi mvumilivu, si lazima awe wa kwanza darasani. Na siku anayorudi asisimamishwe mbele, asichapwe, asipewe kufagia choo. Umemtafuta wiki nne, usimfukuze kwa dakika tano.

Aliyekaa nje mwaka au zaidi ana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa: wadogo hadi miaka 13 kundi lao na wa miaka 14 hadi 18 kundi lao. Wadogo wakifanya vizuri mtihani wa darasa la nne huingia mfumo wa kawaida. Aliyeacha, pamoja na msichana aliyepata ujauzito, ana haki ya kurejea tangu serikali ilipotangaza hivyo Novemba 2021.

Wasiorudi

Kundi la tatu la karatasi yako, waliokwisha kuondoka kijijini, usiwachanganye na wa viazi. Wavulana wengi wako machimboni Chunya au wanachunga Usangu. Machimboni kinachoua polepole ni zebaki: wanaichanganya na unga wa mawe kwa mikono, kisha inachomwa kwenye sufuria na moshi wake huingia kwenye mapafu na mishipa ya fahamu. Wasichana wamechukuliwa kuwa dada wa kazi mjini Mbeya au Dar es Salaam.

Kwa hawa, mwezi hatari si Februari. Ni kuanzia mtihani wa darasa la saba unapokwisha Septemba hadi kidato cha kwanza kinapoanza Januari. Miezi hiyo minne mtoto hana rejesta, hana mwalimu, na ndipo anakuja shangazi wa mbali au dalali mwenye nauli mkononi. Matokeo yanatoka, msichana amechaguliwa, na yuko Mbagala, Dar es Salaam, anaosha vyombo. Shule ifanye kitu kidogo: wiki ya mwisho ya Septemba iwe na orodha ya wahitimu wote na namba mbili za simu kwa kila mmoja, ya mzazi na ya jirani. Wapigiwe Oktoba, Novemba na Desemba. Mzazi aambiwe mapema mahitaji ya kidato cha kwanza ili asiyasikie Januari kwa mara ya kwanza. Mtoto akiondoka na mtu asiyejulikana, msisubiri: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii, au simu ya mtoto namba 116, ambayo hupigwa bure. Kumsafirisha mtoto kwenda kumtumikisha ni kosa chini ya sheria ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, hata kama mama aliridhia na nauli ilipokelewa.

Swali lako la mwisho, la kiongozi. Ni la kawaida kuliko linavyosemwa, kwa kuwa mwenye shamba kubwa ndiye mara nyingi anayechaguliwa. Mara ya kwanza azungumziwe faraghani na mwenyekiti wa kamati ya shule na mzee anayemheshimu, wasiende walimu peke yao. Nyinyi ni wageni wa kijiji na mtaishi naye. Akiendelea, msirudi ofisi ya kijiji. Panda hadi kwa mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na kwa ajira ya malipo nenda kwa afisa kazi mkoani, Mbeya mjini. Chini ya sheria ya ajira, kumwajiri mtoto kinyume cha sheria kunaweza kumletea mtu faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote pamoja. Asiyetaka kuonekana apige 116.

Taarifa inayofanyiwa kazi huwa na vitu vinne: jina na umri wa mtoto kama ulivyo kwenye rejesta ya uandikishaji, tarehe na saa alizoonekana, shamba ni la nani na anafanya nini hasa, na nani mwingine aliyemwona. Sentensi ya "watoto wengi wanatumikishwa kijijini kwetu" hupokelewa, hugongwa mhuri, na kuwekwa kwenye faili.